Watoto 400 walikuja mara moja tu: msitu wa mikoko unakuwaje darasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea katika kikundi cha kijiji kinachotunza msitu wa mikoko huku pwani ya kusini, Kaunti ya Kwale. Mwaka jana tulikuwa watu 14. Tulipokea shule sita, watoto zaidi ya 400, kila shule siku yake. Tuliwatembeza, tukawaeleza faida za mikoko, wakapanda miche, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mwaka huu walimu hawajatuulizia tena, miche mingi imekufa, na sisi wenyewe tumebaki watano. Kuna mfadhili aliye tayari kutujengea banda la mafunzo. Je, banda ndilo litakaloufanya msitu huu uwe darasa? Na wenzangu waliopotea nitawarudishaje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho limenigandia pale uliposema kila shule ilikuja siku moja. Hapo ndipo penye shida yenu, na ndiyo maana banda nitalizungumzia mwisho kabisa.

Mtoto aliyeingia mikokoni mara moja hutoka na matope miguuni na maneno ya watu wazima kichwani. Ataweza kukuambia kwamba mikoko huzuia mmomonyoko na ni mazalio ya samaki, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Hajakiona hata kimoja kati ya hivyo viwili. Havionekani kwa siku moja. Msitu hauna ubao wa kuandikia. Unachoandika huandika polepole, na ili mtu ausome ni lazima aje leo, arudi mwezi ujao, alinganishe. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: chukueni darasa moja tu, la shule moja iliyo karibu kiasi cha watoto kuja kwa miguu, mlirudishe pale pale, mara sita kwa mwaka, mbili kila muhula. Hizo shule nyingine tano zisubiri.

Najua hesabu hiyo itawauma. Kutoka watoto 400 hadi 40! Mfadhili atauliza, na chifu atauliza. Lakini nilifundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuanza kazi hii ya misitu, na hakuna nilichokiona kikimbadilisha mtoto kama kukuta kwamba kitu alichokiacha mahali fulani hakiko tena vile alivyokiacha. Nakumbuka msichana mmoja wa Gredi ya 5, mkimya sana darasani. Katika ziara ya kwanza alifunga uzi mwekundu kwenye tunda la mkoko lililokuwa limeanguka topeni, lile refu kama kijiti cha kijani. Ziara ya pili hakuliona, akahuzunika. Ziara ya tatu alilikuta hatua kumi kutoka pale, limenasa kwenye mizizi ya mti mwingine, limesimama, limeshaota mizizi midogo. Alipiga kelele hadi mwalimu wake akaja mbio akidhani ameumwa na kitu. Siku ile hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti mama, kisha huanguka na kuchukuliwa na maji hadi ipate mahali pa kushika. Yeye ndiye aliyetueleza sisi.

Basi mnaanzaje? Anzeni na maji, maana bahari ndiyo itakayopanga ratiba yenu, si mwalimu mkuu. Hapa pwani tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji yetu hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kwenye saa nne au saa tano hivi. Ni saa za shule hizo! Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi ile ile maji yako juu, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Kila siku maji huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo chukueni jedwali la maji la mwaka mzima, kaeni na mwalimu wa darasa mwanzoni mwa muhula, mzungushie duara siku za shule zinazoangukia bamvua, mchague mbili. Bamvua huja kila baada ya siku 14 au 15, kwa hiyo mvua kubwa ikiharibu siku moja, nyingine haiko mbali. Watoto nao waachieni kazi ya kuutazama mwezi usiku na kukisia siku ya kuja kwenu. Ni somo tayari, na hufanyika bila nyinyi kuwapo.

Hapa kuna jambo ambalo pengine ndilo lililowapotezea wenzenu bila nyinyi kulitambua. Saa hiyo nzuri ya darasa, maji yamepwa bamvua, ndiyo hiyo hiyo saa ya pweza. Ndiyo saa ya kina mama kuokota chaza na kombe, na ya vijana kwenda mwambani. Mama anayetegemea bamvua kupata fedha za unga hawezi kuja kushika kamba ya watoto kwa asante. Mkimwita mara tatu akakosa mara tatu, huona haya, huacha kuja kabisa, nanyi husema amepoteza ari. Hajapoteza ari. Mlimwita saa ya riziki yake. Mtu kama huyo mpeni kazi za maji mafu: kutengeneza njia ya mbao, kusuka kamba, kuangalia kitalu cha miche, kwenda shuleni mchana kuwaonyesha watoto wavu na chombo chake na kuwasimulia alichokiona mwambani wiki ile. Watakaoshika darasa la bamvua wawe wale ambao saa hiyo wako huru, wazee waliostaafu bahari, vijana waliomaliza sekondari na wanangoja chuo, mama mwenye genge ambaye biashara yake ni ya jioni.

Na hao watano mliobaki wanatosha. Hesabu nami. Darasa la watoto 40, makundi matano ya watoto wanane. Tandikeni kamba mahali patano, kila mahali mita 5 kwa mita 5, mkianzia ukingo wa bahari mkipanda kuelekea nchi kavu hadi msitu unapokwisha. Kila mmoja wenu apewe kipande kimoja na watoto wanane, na wawe wake mwaka mzima. Asibadilishwe. Nasisitiza hapo kwa sababu vikundi vingi huzungusha watu wao kama zamu za ulinzi, leo huyu kesho yule, na kila anayekuja huanza upya kujitambulisha na kusema yale yale. Mtu akiwa na kipande chake atakipitia hata siku isiyo ya darasa, akielekea shambani, kuona kama kamba ipo. Atawajua watoto wake kwa majina, nao watamwita Babu au Shangazi wakikutana sokoni. Anayejua kwamba asipofika kuna watoto wanane watakaosimama bila mtu, huyo ni vigumu kumpoteza. Wenzenu tisa waliondoka, kwa maoni yangu, kwa sababu siku yoyote ambayo mmoja wao hakuja kazi iliendelea vile vile.

Kazi ya kwanza ndani ya kipande ni kuchora. Kila kundi lichore ramani ya mraba wake: mti upo wapi, miche mingapi, mashimo ya kaa mangapi. Mashimo ni mengi mno kuhesabiwa yote, kwa hiyo wachague mita 1 ya mraba na kuihesabu hiyo hiyo kila mara. Miti mikubwa wapime mzingo wa shina kwa utepe wa fundi cherehani, kwenye kimo cha sentimita 130 kutoka chini. Mkoko wenyewe, yaani ile aina moja yenye jina hilo kati ya miti yote ya mikoko, kwa kuwa umesimama juu ya mizizi kama mtu aliyepanda magongo, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Wekeni alama ya rangi pale palipopimwa, mwakani wapime pale pale. Haya ndiyo wanayoyafanya watafiti. Pale Gazi, jirani zenu wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ile inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, tangu mwaka 2013, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Biashara yote hiyo imesimama juu ya kupima miti ile ile mwaka baada ya mwaka. Waambieni watoto hivyo, wajue kwamba utepe walioushika ni chombo cha kazi.

Vipande vitano vikiwa vimepangwa toka baharini hadi nchi kavu, swali lenye utamu kuliko yote litawajia lenyewe. Watoto wa kipande cha kwanza, ukingoni mwa bahari, watakuwa na mlilana, wenye mizizi minene iliyochongoka inayochomoza juu ya tope, na pengine mchu mrefu ulionyooka. Wa katikati watakuwa na mkoko, na muia wenye mizizi iliyokunjana kama magoti. Mbele zaidi mkandaa. Kisha kundi la mwisho kabisa, kule juu ambako mchanga umekauka na kung'aa, litasema: sisi pia tuna mchu! Lakini wao mchu wao ni mfupi, una matawi yaliyojikunja, unamfikia mtoto kifuani. Mti mmoja, jina moja, baharini mrefu na bara mfupi. Kwa nini?

Usiwajibu. Nakuomba sana, waambie wenzako wote wasiwajibu, hata kama jibu linawawasha ulimini. Waacheni wakisie, kisha siku hiyo hiyo kila kundi lichimbe shimo dogo kwenye kipande chake, lingoje maji yajikusanye, lijaze chupa ya nusu lita. Rudini shuleni, mtu mzima aichemshe kila chupa kwenye sufuria yake hadi maji yaishe. Chumvi itakayobaki watailinganisha wenyewe. Kule juu bahari hufika siku za bamvua tu, kisha jua hukausha maji na kuacha chumvi, bamvua inayofuata ikaongeza nyingine juu yake. Mchu huvumilia kuliko wenzake, huisukuma chumvi nje kupitia majani yake, lakini uvumilivu huo una gharama na gharama yake ni kimo. Mtoto alambe jani la mchu asubuhi ya jua, ataonja mwenyewe. Nimewaona watoto wakibishana juu ya sufuria zile kwa ukali ambao sijawahi kuusikia wakifundishwa chumvi kwenye kitabu.

Kenya ina aina 9 za mikoko, na nyingi zina majina ya Kiswahili yaliyotumika karne nyingi kabla ya watafiti kuja na yao. Hapa ndipo mzee anapokuwa mwalimu kuliko mimi. Mtafuteni mzee aliyewahi kukata au kupakia boriti. Atawaeleza watoto kwamba mlilana ulipendwa kwa mataruma, zile mbavu za majahazi, kwamba gome la mkandaa lilitumika kutia rangi, kwamba miti ilipangwa kwa unene na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Atawaeleza majahazi yaliyokuwa yakija na upepo wa kaskazi na kurudi Arabuni na kusi yakiwa yamebeba boriti za kwetu, hadi serikali ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Huyo mzee msimwite kila mwezi. Mara moja kwa muhula yatosha, na aletewe kiti. Watoto wachukue fito halisi na boriti halisi, wazipime mzingo, wajue mti wa kwenye kipande chao umefika daraja gani. Ikiwa watoto wenu wanazungumza Kidigo nyumbani, majina ya Kidigo nayo yaandikwe daftarini kando ya ya Kiswahili.

Sasa miche iliyokufa. Umeitaja kwa haraka kama mtu anayetaja msiba asiopenda kuuzungumza, lakini ndiyo itakayokuwa somo lenu bora kabisa mkiwa na moyo wa kuitazama. Karibu kila ninapokuta upandaji ulioshindwa, uliopandwa ni mkoko, na uliopandwa ni mkoko kwa sababu tunda lake ni refu, hata mtoto wa miaka mitano analichomeka topeni. Urahisi wa kupanda hauna uhusiano na mahali panapofaa. Ukichomekwa kwenye ukingo wazi wa bahari, mahali pa mlilana, mawimbi huutikisa kabla haujashika, na viumbe vya magamba huganda kwenye shina lake hadi linalemewa. Ukipandwa kule juu kwenye chumvi, hukauka. Kabla ya kupanda popote, ulizeni kwanza: mbona hapa hapajaota kitu chenyewe, na mbegu zinaelea kila siku? Kama miti mama iko karibu na maji yanafika, lakini hakuna mche hata mmoja, basi kuna kinachozuia, na mche wenu utakutana nacho hicho hicho. Pengine ni mbuzi, pengine ni mchanga ulioletwa na mvua, pengine njia ya maji imezibwa na barabara. Ondoeni hicho, na mara nyingi hamtahitaji kupanda.

Kwa hiyo warudisheni baadhi ya wale watoto wa mwaka jana, hata kundi dogo, mhesabu pamoja iliyo hai na iliyokufa. Msiwafiche. Mtoto aliyepanda mche akaambiwa umestawi, kisha siku moja akapita na kaka yake akakuta kijiti kikavu, hatawaamini tena. Mtoto aliyehesabu vijiti vikavu pamoja nanyi na kutafuta chanzo amefanya sayansi. Na zile siku za kupanda zenye wageni na fulana, punguzeni, au zifanyeni siku za kuhesabu. Nasema hivi nikijua kwamba wageni hupenda kupanda.

Kuna habari moja ya kusimulia mkiwa mmesimama pale, maana ni ya kwetu na wazee wanaikumbuka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara hadi hori la Mwache, Mombasa. Udongo uliifunika mizizi ya mikoko inayochomoza kupumua, na miti ikafa ikiwa imesimama. Hakuna aliyeikata. Ukishamsimulia mtoto hayo, hutahitaji kibao cha “usikanyage mizizi”. Mizizi ile ya mchu inayochomoza topeni kama penseli ni pua za mti. Kwa sababu hiyo hiyo wekeni njia moja ya kuingilia na moja ya kutokea, za mbao mkiweza, na kipande cha kamba kitazamwe kutoka pembeni. Watoto 40 wakikanyaga pale pale mara sita, tope hushindiliwa, na darasa lenu litakuwa ndilo linaloumaliza msitu.

Juu ya hatari nitakuwa mkali kidogo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu siku za bamvua hukaribia mita 4, na mikokoni maji hayaji kwa mbele kama ufukweni. Huingia kwanza kwenye vijito na mahori, nyuma yenu. Ingieni maji yakiwa bado yanapwa, mtoke yanapoanza kugeuka, hata kama kundi moja halijamaliza. Mtu mmoja kazi yake iwe ni hiyo tu, saa mkononi na filimbi shingoni, asipewe kipande wala watoto. Hapo mtahitaji wa sita. Mwalimu wa darasa anaweza kuwa yeye. Watoto wahesabiwe wakiingia, wahesabiwe katikati, wahesabiwe wakitoka. Viatu vya kufunika vidole, vya zamani, kwa kuwa chaza walioganda kwenye mizizi hukata kama wembe. Maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza, na orodha ya watoto wenye pumu au kifafa iwe mfukoni mwa mtu mnayemjua. Na asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Kanuni hiyo iwahusu wote, hata wazee wanaoheshimika, na isemwe waziwazi siku ya kwanza ili baadaye isionekane ya kumshuku mtu.

Picha nazo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura yake ni taarifa. Ongezeni mstari mmoja kwenye barua ya ruhusa inayokwenda nyumbani. Mzazi asipotia sahihi, mtoto aje darasani kama wengine, ila asipigwe picha.

Kwa upande wa vibali hamna mlima wa kupanda, lakini msiruke hatua. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali, imetangazwa hivyo tangu mwaka 1932, na jamii huisimamia kwa makubaliano na Huduma ya Misitu, KFS, kupitia chama cha kuhifadhi misitu. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaitaja shughuli ya elimu na sayansi miongoni mwa haki ambazo chama kinaweza kupewa. Angalieni kama makubaliano yenu yameiandika. Kama hayajaiandika, ombeni iongezwe, kisha mjulisheni mlinzi wa msitu ratiba yenu ya bamvua ili siku akiwakuta na watoto na kamba asishangae.

Na mwalimu wa darasa, dada yangu, ndiye mwenye somo. Mwaka jana, kama ninavyoelewa barua yako, mliwapokea walimu kama wageni: walikaa kivulini wakati nyinyi mnaongea. Ndiyo maana hawakurudi. Mtaala wa umilisi unamdai mwalimu awape watoto kazi za mikono na huduma kwa jamii, na walimu wengi wanahangaika wapate wapi mambo hayo bila gharama. Nendeni kwake na swali, msiende na ratiba iliyokwisha andikwa. Mwulizeni muhula huu anafundisha nini katika sayansi, hesabu, na masomo ya jamii, kisha mwonyesheni ni wapi msitu unagusa. Ramani ya mraba ni hesabu. Insha ya mti wangu ni Kiswahili. Baada ya ziara ya pili atakuwa anawapangia nyinyi.

Wenzako wafundishwe nini? Kidogo sana. Vikundi huahirisha kuanza mwaka mzima vikingoja mafunzo ya wataalamu. Anayejitolea anahitaji kujua miti iliyo kwenye kipande chake, kanuni za maji na usalama, na maswali mawili: “Unaona nini?” na “Umejuaje?” Akishauliza, anyamaze. Ugumu wa kazi hii wote uko kwenye kunyamaza. Fanyeni mazoezi nyinyi kwa nyinyi: mmoja awe mtoto, mwingine aulize swali kisha ahesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Na asipojua jibu la mtoto aseme sijui, tuandike daftarini tumuulize mtafiti. Kituo cha utafiti wa bahari kiko Gazi, si mbali nanyi. Vyama vya wanyamapori shuleni, vile vya Wildlife Clubs of Kenya, vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe. Hawakungoja mtaalamu.

Nauli warudishieni watu. Kujitolea ni kutoa muda, na mtu akitoa muda, nauli na chakula cha mchana cha mfukoni mwake, amelipishwa. Chai na mihogo baada ya watoto kuondoka, mkiwa mmekaa chini mnasimuliana nani ameona nini, ina nguvu ya kuwashika watu pamoja kuliko fulana. Wale tisa msiwaitie mkutano wa kuwauliza kwa nini waliondoka. Nenda wewe mwenyewe kwa mmoja mmoja na ombi dogo lenye jina lake: “Mzee, tunataka watoto waijue pau na boriti, na hakuna anayeijua kama wewe.” “Mama, kamba zetu zinakatika, tufundishe kusuka.” Watarudi wanne au watano. Wengine wamehama au wana watoto wachanga. Waacheni kwa wema.

Sasa banda. Mkijengewa mwaka huu, litajengwa mahali panapomfaa fundi, na watoto watakaa ndani yake wakisikiliza. Mwambieni mfadhili, kwa heshima na bila woga, kwamba mwaka wa kwanza mnahitaji kamba, tepe, madaftari, viatu vya mpira, sanduku la dawa, mbao za njia, na fungu la nauli. Mwonyesheni vipande vitano na tarehe sita za bamvua. Mwisho wa mwaka mtakuwa na madaftari matano yaliyojaa michoro na hesabu za watoto, na mtakuwa mmejua mahali ambapo watu hukusanyika kwa kawaida yao, penye kivuli, na ambapo maji ya bamvua kubwa hayafiki. Hapo ndipo banda lijengwe, kama bado mtalitaka, na liwe na rafu ya kuhifadhia madaftari hayo kabla ya kuwa na viti.

Bamvua ijayo usimpeleke mtoto yeyote. Nendeni nyinyi watano peke yenu na kamba, saa nne asubuhi, kila mmoja achague kipande chake, akae hapo saa nzima bila kuzungumza, na aandike alichokiona.